Usiombe Radhi kwa Kukosa Hewa

Zaituni mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo asubuhi. Hapa naandika yale yaliyoushinda mdomo wangu, kwa sababu kila nikiyaanza tunagombana. Umekwenda Mwanga mjini kusuka nywele, Nasri umemchukua, baba yako yuko Kibirizi ziwani na dagaa zake, na nyumba ina ukimya ambao kuanzia kesho nitauzoea nipende nisipende. Mabegi yako nimeyaona hapo ukumbini. Sitakuambia uongeze nini wala upunguze nini. Wewe sasa ni mtu mzima, na khanga za kujifungulia najua umezificha chini kabisa ili macho yangu yasizione.

Juzi nilisema neno baya. Nilikuambia, "Utakwenda kunifia njiani." Ukaacha kukunja nguo, ukaniangalia, ukasema, "Mama, unanizika niko hai." Halafu ukaendelea kukunja. Tangu siku hiyo tunaongea habari za chumvi na maji ya kuoga tu.

Sikulisema kwa hasira, mwanangu. Ninaogopa. Naogopa hiyo safari ya Dodoma, naogopa hiyo mimba, na zaidi ya mimba naogopa zile wiki zitakazofuata baada ya kujifungua. Woga wenyewe hauna adabu, unaniingia hata nikiwa nachambua mchele. Nataka ujue umetoka wapi. Kisa cha ugonjwa wako wewe unakijua nusu. Nusu nyingine ulikuwa umelala na kile kifuniko cha hewa usoni, huna habari.

Nasri alizaliwa kwa upasuaji. Nilipokuja kuwachukua hospitali, nesi alinishika mkono akasema, "Mama, huyu atembee tembee nyumbani. Asilale tu." Nikaitikia. Moyoni nikasema, huyu naye, binti mdogo hata hajazaa, anifundishe mimi kulea mzazi? Nilikulea kama nilivyolelewa mimi na kama mama yangu alivyolelewa. Nikakuwekea kitanda kwenye chumba changu, nikakufunga tumbo, nikakupikia uji wa pilipili manga na mtori, na samaki wa migebuka nikakuchagulia wanono. Ukitaka kushuka kitandani nakurudisha. "Lala, wewe ni mzazi." Hata Nasri akilia nilikuletea hapo hapo ulipo. Nilijisifu kwa majirani kwamba binti yangu tangu arudi nyumbani hajagusa hata ufagio. Nilikuwa na furaha, Zaituni. Sijawahi kukulea kwa raha kama zile siku.

Wiki ya pili ukasema, "Mama, mguu unanivuta. Huu wa kushoto."

Nikaushika. Nikaona ni uchovu wa kulala. Kesho yake ukasema tena, na safari hii ulisema kwa kukunja uso. Nikafunua khanga. Miguu miwili iliyokuwa sawa tangu uzaliwe ilikuwa haifanani. Wa kushoto ulikuwa umejaa kuanzia kwenye misuli ya nyuma mpaka juu ya goti, ngozi imevutika inang'aa, na ukiugusa una joto kuliko mwenzake. Nikamwita Bi Hadija.

Bi Hadija unamjua, hapa Ujiji wazazi wangapi wamepita mikononi mwake. Alikuja na moyo mweupe, akachemsha maji, akaweka majani yake, akaanza kukukanda. Ukapiga kelele. Hukuwa mtu wa kelele wewe, hata uchungu wa Nasri uliubana kwenye meno. Bi Hadija akasema upepo umeingia mguuni, lazima utolewe. Nami nikakushika mabega nikasema, "Vumilia, mama. Vumilia kidogo." Alikuchua asubuhi na jioni. Kila akimaliza mguu ulikuwa mbaya zaidi, na kila ukiwa mbaya zaidi mimi niliona hajauchua vya kutosha.

Sikuandikii haya ili uniambie umenisamehe. Uliniambia zamani, na nilikusikia. Naandika kwa sababu huko uendako kutakuwa na Bi Hadija mwingine, mwenye huruma vile vile, na mikono yenye nguvu vile vile.

Sasa sikiliza lile usilolijua.

Asubuhi ile nilikuwa uani nakamua limao kwenye uji wako. Nikasikia umeshuka kitandani, labda ulitaka kumgeuza mtoto. Kisha ukaniita, si kwa sauti kubwa. "Mama. Hewa haiji."

Nilipoingia ulikuwa umeshika ubao wa kitanda kwa mikono miwili. Mdomo wazi, mabega yanapanda yanashuka, jasho limekutoka usoni na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi. Ukajigusa ubavuni. "Hapa panachoma nikivuta." Ukakaa chini sakafuni. Na unajua ulisema nini? Ulisema, "Samahani, mama." Halafu macho yako yakageuka, ukaniangukia mapajani.

Ni hilo neno, Zaituni. Kama usingelisema hilo neno pengine ningefanya walivyotaka majirani. Maana walishaingia, nyumba imejaa, mmoja anasema ni jini la uzazi, aitwe shehe asome, mwingine anasema afukizwe ubani, mwingine anasema apepewe tu ni kizunguzungu cha mzazi. Wote walikuwa wanakupenda. Lakini mimi neno lile nililisikia mara moja kabla ya hapo, nikalisahau kwa makusudi.

Mama yako mdogo Saada hukumkuta. Aliolewa Mwamgongo, kule kaskazini mwa Gombe, kwa mvuvi. Alijifungua mtoto wa kiume, salama kabisa. Kabla arobaini haijaisha ikaja habari kwamba Saada hayupo. Tukapanda boti, mimi na mama, ziwa likiwa limechafuka siku hiyo. Mama mkwe wake ndiye aliyetusimulia. Alisema mguu ulikuwa unamsumbua siku kadhaa, na hakupenda kusumbua watu. Asubuhi hiyo alitoka kuanika nepi za mtoto. Akasimama katikati ya uwanja. Akarudi, akakaa kizingitini, akasema, "Samahani mama, nakaa kidogo, hewa imenipungukia." Yule mama alikuwa ameshika sufuria ya moto. Alipoitua na kugeuka, Saada ameegemea mlango, amekwisha.

Watu wakasema jicho. Nasi tukasema jicho. Saada alikuwa mzuri na amezaa dume, ilikuwa rahisi kuamini. Tulizika tukarudi, na kwetu jina la Saada likawa halitajwi bila mtu kutema mate pembeni.

Basi nilipokusikia unaomba radhi sakafuni kwangu, nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi. Nilisema, "Bajaji! Nataka bajaji, sitaki shehe!" Mama Dezire, yule jirani yetu Mrundi, hakuuliza. Alikimbia kumwamsha mumewe, wakaja na bajaji yake mpaka mlangoni, Mama Dezire akakubeba miguu mimi nikakubeba kichwa. Bi Hadija alibaki na Nasri. Njia nzima kutoka Ujiji nimekupakata, nakuambia vuta, vuta mama, na wewe unavuta pumzi fupi fupi, na kucha zako naziona zinabadilika rangi. Mama Dezire ananiambia kwa Kirundi chake nivumilie, "Ihangane, mama. Ihangane." Nilitaka anyamaze na nilitaka asinyamaze.

Hospitali walikupokea mbio. Wakakuwekea hewa, wakakutoa damu, wakakupima moyo. Akaja daktari wa kike, kijana, mwenye mwanya, akaangalia miguu yako yote miwili kabla hajaangalia kitu kingine. Akaniuliza mambo mengi haraka haraka. Amejifungua lini, kwa njia gani, ametembea kiasi gani. Nikajibu. Akauliza, "Katika ukoo wenu kuna mtu aliwahi kuganda damu? Au kufariki ghafla baada ya kujifungua?"

Nikasema, "Hapana."

Nilisema hapana kwa moyo safi kabisa, mwanangu. Saada kwetu hakufa kwa damu. Saada alichukuliwa na jicho. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi la koridoni, na hapo kwenye benchi ndipo mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali kichwani mwangu yakakutana. Mguu wake, mguu wako. Kizingiti chake, sakafu yangu. Nilinyanyuka nikaenda kumtafuta daktari, nikamkuta anaandika. Nikamwambia, "Daktari, nimekujibu vibaya. Nina mdogo wangu." Nikamwambia yote. Hakunicheka. Aliweka kalamu chini, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante mama. Hilo linanisaidia sana."

Walikupima mguu kwa ile mashine ya kupaka jeli, na baadaye kifua. Baba yako alikuwa amefika kutoka Kibirizi na magamba ya dagaa bado yako kwenye mikono. Daktari akatukalisha. Alivyotueleza ndivyo nilivyokushikia mpaka leo, maana niliyarudia kichwani nikiogopa nisije nikapoteza hata neno.

Alisema mwili wa mwanamke mwenye mimba hujiandaa kwa siku ya kuzaa. Damu yake hujiweka tayari kuganda upesi, ili akijifungua isimwagike ikaisha. Hiyo ni kinga yetu. Lakini kuna watu kinga hiyo inazidi, na ikikutana na upasuaji, na ikikutana na kulala bila kutembea, damu inaanza kuganda pale pasipotakiwa, kwenye mshipa wa ndani kabisa wa mguu. Mguu unavimba, mara nyingi mmoja, na kwa wazazi mara nyingi ni wa kushoto. Kipande cha damu hiyo kikikatika kinapanda mpaka moyoni, moyo unakisukuma kwenye mapafu, na huko mishipa ni myembamba, kinakwama. "Hewa inaingia puani vizuri tu," akasema, "lakini damu ya kwenda kuipokea imezibiwa njia."

Baba yako akauliza, "Kwa hiyo si mtu amemfanyia?"

"Si mtu, mzee."

Akauliza tena, kwa sauti ambayo sijamsikia nayo siku nyingine, "Na Saada naye?"

Daktari akasema hawezi kuapa kwa mtu ambaye hakumpima. Ila kwa alivyosikia, anafikiri ni hivyo hivyo, na kwamba katika familia nyingine damu inarithi tabia hiyo.

Mimi nikauliza langu. Nilikuwa nalizunguka tangu asubuhi. "Tulikuwa tunauchua mguu. Ndio sisi tuliokikata hicho kipande?"

Alifikiri kabla ya kujibu, na nampenda kwa hilo. Akasema, "Kuchua kunaweza kukikata. Na kinaweza kukatika chenyewe, mtu akinyanyuka tu. Mimi sijui, na wewe hutajua. Ninachojua ni kwamba mguu uliovimba mmoja hauchuliwi, unaletwa hapa." Basi ndivyo nilivyobaki, Zaituni. Hutajua. Nimelala na neno hilo miaka yote hii, na bado halijanizoea.

Walikuanzishia sindano. Nilidhani zitaliyeyusha lile donge palepale, nikawa nakaa nakutazama nikitegemea uinuke. Nesi akaniambia hapana, dawa inazuia lisikue na yasije mengine, lile lililopo mwili wenyewe utalimaliza pole pole. Pole pole! Mimi nakuona unavuta hewa kama mtu aliyepanda mlima, na mtu ananiambia pole pole. Kila pumzi yako niliisubiri. Ikichelewa, na mimi yangu inasimama. Nasri analetwa unyonyeshe, huna nguvu ya kumshika, namshikilia mimi kifuani kwako, na juu yake kile kifuniko kinatoa sauti yake. Baba yako hakuweza kuingia. Alikaa nje siku nzima akaniuliza kupitia dirishani, "Bado yupo?" Namjibu, "Yupo." Baada ya muda tena, "Bado yupo?"

Siku uliyosema una hamu ya ugali wa muhogo na dagaa, nilitoka nje nikamwambia baba yako, naye akainama akajishika magoti. Hakuja na dagaa. Alikuja na samaki kuhe mzima, sijui alimtoa wapi.

Bi Hadija alikuja kukuona. Alisimama miguuni mwa kitanda, hakuthubutu kukugusa. Daktari yule yule akamweleza kama alivyotueleza sisi, taratibu, bila kumfokea. Yule mama alilia. Na nikuambie kitu ambacho yeye hawezi kukisema: tangu siku hiyo hakandi mzazi yeyote kabla hajafunua miguu yote miwili na kuilinganisha. Mwaka jana alikataa kumgusa mzazi mmoja wa Simbo, akawaambia ndugu zake, "Mpelekeni hospitali sasa hivi, mkinikasirikia nikasirikieni baadaye." Yule mwanamke yuko hai analima. Bi Hadija akija hapa jioni hii kukuaga, na atakuja, mpokee vizuri.

Hayo ni ya ugonjwa. Yaliyofuata yananiumiza kwa namna nyingine, maana hayo niliyafanya nikiwa nina akili zangu.

Ulirudi nyumbani na vidonge, unapimwa damu kila baada ya muda, ufizi ukitoka damu kidogo mimi nataka bajaji. Nililala sakafuni chumbani kwako kusikiliza unavyopumua. Ukikohoa naamka. Ukichelewa bafuni nagonga. Mumeo Hamisi alipopata ile kazi ya umeme Dodoma akataka mwende wote, mimi ndiye niliyesema bado. Daktari akasema vidonge vimetosha, sasa acha, nami nikasema bado. Mwaka ukapita nikasema bado. Mkwe wangu ana subira, anakuja likizo na kurudi, mwingine angeshaoa huko. Nilikuwa najiambia nakulinda.

Halafu ikaja ile siku nilikuta umekaa nyuma ya nyumba, umekunja suruali, unaushika mguu. Uliponiona ukaishusha haraka. Nikakuuliza, ukasema hamna kitu. Nikakuuliza tena, ndipo ukasema ulikuwa unauma tangu juzi. Nikakuuliza kwa nini hukuniambia. Ukasema, "Nilikuonea huruma, mama. Nikikuambia utakufa wewe kabla yangu."

Tulikwenda ukapimwa, ikawa msuli tu, Mungu mkubwa. Wewe ulicheka njiani kurudi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza siku mbili zile. Ungekuwa ule ugonjwa wenyewe, siku mbili zingetosha. Na ungekuwa umezipoteza kwa ajili yangu, kwa sababu mama yako ana kelele nyingi hata mtu anaogopa kumwambia anaumwa. Saada alinyamaza asisumbue wakwe. Wewe ulinyamaza usinisumbue mimi. Nilifanya kazi yote ile ya kukulinda, nikageuka mtu wa kufichwa.

Kwa hiyo naanza upya, nikiwa na uzee huu. Ukinipigia simu ukaniambia mguu unauma, sitapiga ukelele. Nitakuuliza, uko njiani kwenda hospitali? Ukisema ndiyo, nitasema vizuri, nipigie ukifika. Nimejizoeza mbele ya kioo, usicheke. Baba yako alinikuta akauliza naongea na nani.

Uliponiambia una mimba, nilitaka ubaki ujifungulie hapa, kama desturi. Ulisema Dodoma kuna madaktari wa damu na wa uzazi mahali pamoja, na daktari wetu amekwisha kukuandikia barua kwao, na mumeo yuko huko. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa unasema kweli. Asubuhi ulipojichoma ile sindano ya tumboni ya kuzuia damu kuganda uliniita nitazame, nikageuka ukutani. Natamani ningetazama. Unajichoma kila siku, bila kelele, miezi yote hii na wiki zote baada ya mtoto, na mimi naogopa kutazama tu.

Mambo ya basi daktari amekuambia na sitayarudia, isipokuwa moja, kwa kuwa nakujua. Hutakunywa maji, ili usihangaike na vyoo vya njiani. Kunywa. Tabora, Singida, popote gari litakaposimama, shuka utembee, hata kondakta akipiga makelele. Atakusubiri. Hajawahi kumwacha mjamzito.

Jana nilimpigia mama yake Hamisi. Nilikuwa naona aibu, nikazunguka na habari za mvua na bei ya mawese, yeye naye akawa ananisubiri. Mwishoni nikamwambia, "Mama Hamisi, mimi mwanangu nilimlaza kitandani mpaka damu ikamganda. Akijifungua huko, mwache atembee. Mguu ukimvimba msiuchue, na mtu asimpe dawa za maumivu za dukani kabla daktari hajajua." Nilidhani atasema naingilia nyumba yake. Akasema, "Mama Zaituni, kumbe ndivyo alivyokufa dada yangu mkubwa." Tukalia kwenye simu wote wawili, vocha ikaisha. Sasa unaye mtu huko. Usimwonee haya.

Na haya ndiyo hasa niliyotaka kukuambia, mengine yamekuja yenyewe. Umelelewa na adabu, nami ndiye niliyekulea hivyo. Nilikufundisha kusema samahani kabla hujapita mbele ya watu, kutopaza sauti, kungoja mkubwa amalize. Adabu hiyo iweke mahali pake, na mahali pake si pale pumzi inapokatika. Hewa ikikupungukia ghafla, kifua kikikuchoma ukivuta, ukikohoa damu, moyo ukienda mbio umekaa, mguu ukivimba peke yake, usimwombe mtu radhi. Usikae kizingitini. Usingoje Hamisi arudi kutoka kazini wala wageni waondoke. Sema kwa sauti, mkatize yeyote, hata kama ni shehe anaomba dua. Ukifika hospitali wakuambie kaa foleni, usikae, sema, "Niliwahi kuganda damu kwenye mapafu." Sema hivyo hivyo kwa maneno hayo. Wakikuona huna adabu, waone. Nitakuja mwenyewe kuwaomba radhi kwa niaba yako, nikukute umekaa kitandani unanyonyesha.

Sijui kama woga huu utaisha. Nilidhani kuandika kutaupunguza, naona upo vile vile, ila sasa tuko wawili tunaoujua. Pengine kuwa mama yako ndiko huku. Nikuambie ukweli, mwanzoni nilitaka barua hii ikufanye ubaki. Nilipofika kwenye habari za Saada nikaona hapana. Aliyekuwa mbali na daktari ni Saada. Wewe unakwenda karibu nao.

Nasikia sauti ya Nasri barabarani, anaomba abebwe. Usimbebe, mwambie atembee, ni mkubwa sasa.

Kesho stendi nitakuwa na khanga usoni, na sitaweza kusema neno. Ukiniona nalia, usishuke kwenye gari kuja kunibembeleza. Kaa upande wa dirishani, nyoosha miguu, uende.

Mama yako